Nukta za Zambarau Kuzunguka Nyumba ya Bernadeta

Kemilembe mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, kwenda Omurushaka kumuaga shangazi yako na kuulizia basi la kesho la Bukoba. Nimewasikia mkicheka mpaka mlipopotelea kwenye migomba. Nyumba imebaki kimya, kuku wamepanda kibarazani hakuna wa kuwafukuza, nami nimesogeza meza dirishani nikuandikie kungali mchana.

Mambo ya sabuni, ya kuficha nauli, ya kutokula ovyo kwenye meli, mama yako ameshakwambia na kesho asubuhi atakwambia tena. Mimi sitayagusa. Nitakayoyaandika ni yale ambayo nikiyasema kwa mdomo mbele yako nitayakatisha katikati, nianze kuzungumzia kahawa.

Kwanza ujue kwamba nimepumua. Watu wananiuliza kama sina huzuni kwa binti yangu kwenda mbali hivyo. Huzuni ipo, lakini ni ndogo kuliko nafuu ninayoisikia kifuani. Kwa nini nafuu, ndiyo habari ya barua hii.

Juzi ulitueleza unachokwenda kusomea, hizo takwimu za afya. Ukasema mwalimu wenu aliwaambia kuna kompyuta huko inayochora nchi za dunia kwa mistari, na ukibonyeza kitufe miaka inasogea, mistari inapanda na kushuka mbele ya macho yako. Mama yako akauliza, "Sasa hiyo inamtibu nani?" Ukacheka. Mimi nilitoka nje kwenda kuwatazama mbuzi, ambao hawakuwa na shida yoyote. Nilikuwa nimekumbuka kitu cha namna hiyo tulichokuwa nacho hapa kijijini bila umeme wala kitufe, na wewe ulikuwa mmoja wa waliochorwa ndani yake.

Habari ya Bernadeta unaijua. Umeisikia kwa mama yako, ambaye huimaliza kwa maneno machache huku akimenya ndizi. Umeisikia kwa wanakijiji pia, na wao hunipamba, wananifanya mtu mwenye busara kuliko nilivyokuwa. Mimi nataka uisikie jinsi ilivyokuwa kichwani mwangu.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita. Dukani hakuna sukari, hakuna sabuni, chumvi unaipanga foleni. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi, kijana bado, na nilikuwa na woga ambao sikumwonyesha mtu. Kabla yako tulikuwa na kaka yako Rwegasira. Alihara kwa siku chache tu, akaisha mikononi mwetu. Tulimzika pale nyuma, kwenye kibanja, shamba letu la migomba, na tangu siku hiyo kila ulipokohoa mimi nilikuwa nimeshasimama.

Nesi Yustina alikuja kwenye zahanati yetu kutoka Muleba. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayetembea haraka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua shuka la hospitali lililochakaa na kukichora juu yake kijiji chetu kwa mkaa: mlima juu, bonde chini, njia, kila nyumba, chemchemi na vijito vyake. Akalitundika ukutani. Halafu akazichukua zile nailoni zinazoonyesha upande wa pili, zilizokuwa zimefunika magodoro mapya, akazikata zikatoshana na shuka. Kalamu za wino hakuwa nazo. Alitumia jivii, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Nyumba yenye mtoto mgonjwa, anaweka nukta ya zambarau juu ya nailoni. Ukiilaza nailoni juu ya shuka, unaona wagonjwa wako wapi. Ukiiondoa, kijiji kinabaki kama kilivyo.

Kwenye ukuta wa pili alibandika karatasi kubwa yenye mistari ya nchi mbalimbali, jinsi watoto wadogo wanavyokufa mwaka hadi mwaka: vifo vikizidi, mstari unapanda. Niliisogelea siku ya kwanza nikatafuta nchi yetu. Niliuona mstari wetu unavyoishia juu kabisa, na ile ya Ulaya ikiishia chini karibu na sakafu. Nikamfikiria Rwegasira. Nikajiambia, basi sisi tumeumbwa hivyo. Sikuitazama tena karatasi ile kwa muda mrefu.

Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa. Wakaanza watoto kuhara damu. Kila wiki Nesi Yustina aliongeza nukta kwenye nailoni, na kila tulipopita tulichungulia. Nukta zikajaa bondeni, pale vibarua wa mashamba ya kahawa walipojenga nyumba zao karibu karibu. Na katikati ya nukta hizo ilikuwapo nyumba ya Bernadeta.

Wewe unamjua kama mama yake Goreti, mtu wa kukuchana nywele. Wakati ule alikuwa mjane aliyekuja kutoka Burundi na mtoto mgongoni, anayelima kibarua, anayeongea Kiswahili cha kutafuta tafuta. Tena alikuwa na desturi ya kuingia kwenye nyumba za wagonjwa akiwa na kitu amekifunga kwenye jani la mgomba. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona. Nailoni ikawapa la kuonyesha.

Siku moja baada ya misa tulikusanyika zahanati. Nesi alikuwa amekwenda kumzalisha mtu mlimani, chumba kilikuwa wazi. Jirani yetu Kyaruzi aliweka kidole kwenye shuka.

"Balozi, wewe unasoma. Hebu tuambie hii inasema nini."

Nikatazama. Zambarau kila upande, na katikati nyumba moja.

"Inasema ni hapa," nikajibu.

Basi. Maneno matatu. Hakuna aliyenilazimisha, Kemilembe. Wewe ulikuwa umelala nyumbani ukiwa na joto na tumbo lililolegea tangu jana yake, nami nilikuwa nikitafuta mtu wa kumshika. Picha ilinipa mtu.

Niliteremka bondeni na wanaume kadhaa nyuma yangu. Bernadeta alikuwa anaanika mtama.

"Mama Goreti," nikamwambia, "watu wamesema. Ni heri uondoke kwa amani kabla hawajaja kwa shari."

Aliniamkia kwanza. Halafu akauliza, "Niende wapi, Balozi? Nilikotoka ndiko nilikokimbia."

Nikageuka kuwatazama wanaume niliokuja nao.

"Ni wewe unayesema, au ni watu?"

"Ni watu."

Akanitazama, akarudi kwenye mtama wake. Nilipanda mlima nikijiona nimefanya kazi ya balozi.

Jioni ile nilimkuta mama yako amekupakata jikoni, anakunywesha maji kwa kijiko. Macho yako yalikuwa yamezama. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Nikauliza ni maji gani. Akasema nesi amemwelekeza: maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari.

"Sukari umeipata wapi?"

"Kwa Bernadeta. Alilipwa kibarua kwa sukari. Anawagawia wenye wagonjwa, kila mmoja kidogo kidogo, kwenye jani."

Niliinama nikashika bakuli nilimwage. Mama yako hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukimwaga, umchukue na mtoto, umlee wewe mpaka mwisho wake." Hakuniondolea macho.

Niliachia bakuli. Usidhani niliachia kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Nilimwogopa mama yako kuliko nilivyomwogopa Bernadeta, basi. Nikakaa pembeni ya mafiga nikihesabu vijiko, nikiwa na hakika kwamba naangalia mwanangu wa pili akiisha.

Kabla hatujaenda kulala ulikojoa. Ulimlowesha mama yako kanga nzima. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaniita, "Njoo ushike, Tata Kemilembe, njoo ushike kanga!" Nami nikaishika ile kanga iliyolowa kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa zawadi. Nesi alikuwa amemwambia kwamba mtoto akikojoa, maji yameanza kukaa mwilini. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile.

Asubuhi nilishuka kwenda zahanati. Nilikuwa na nia ya kumwuliza Nesi Yustina kuhusu sukari ile tu. Nikamkuta amesimama mbele ya shuka na uso uliokasirika, kwa sababu ameshasikia tulichofanya na picha yake. Kabla sijafungua mdomo, aliingia Bibi Kokugonza, yule aliyekuwa akiishi kule juu karibu na mnada wa ng'ombe. Yeye naye alikuwa amekuja kugomba.

"Mjukuu wangu mbona bado mmemweka mgonjwa?" akasema, akipiga nailoni na fimbo. "Aliugua hata maharage hatujapanda. Sasa anakimbiza mbuzi. Mfute huyu."

Nesi alijaribu kufuta kwa kitambaa chenye maji. Jivii haitoki hivi hivi. Akasugua, akasugua, halafu mkono wake ukasimama.

"Bibi, wako aliugua kabla ya watoto wa bondeni?"

"Kabla? Huko bondeni walikuwa wazima wote. Tuliwaonea wivu."

Nesi Yustina alikaa kwenye benchi. Akasema polepole, kama anayejisemea, "Nimewaweka wote pamoja. Wa mwanzo wa mvua na wa jana, wote nailoni moja." Halafu akanigeukia. "Balozi, niitie watu. Waje wenye watoto wagonjwa na waliopona. Bernadeta naye."

Nikamwambia Nesi kwamba Bernadeta nimemfukuza.

"Basi kimbia," akasema.

Nilikimbia, na nilimkuta bado yupo. Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye shuka, lakini Goreti alikuwa ameanza kuharisha alfajiri ile, hakuweza kutoka. Nilimbeba Goreti mimi mwenyewe kupanda mlima.

Zahanati ilijaa mpaka nje. Nesi alikuwa amekata nailoni mpya. Moja akaiita ya kabla ya kupanda maharage, ya pili ya wakati wa palizi, ya tatu ya sasa hivi. Akawapa wazazi kijiti kilichozungushiwa pamba na kuchovywa kwenye jivii. Kila mmoja alikuja mwenyewe, akafikiri, akachagua nailoni yake, akatafuta nyumba yake kwenye shuka, akaweka nukta. Wengine walibishana na wake zao. "Ilikuwa kabla ya palizi!" "Wewe ulikuwa Bukoba, unajua nini?" Mama yako aliweka yako kwenye nailoni ya tatu. Bernadeta akaja wa mwisho, naye akaweka ya Goreti kwenye hiyo hiyo ya tatu.

Kisha Nesi akalaza nailoni ya kwanza peke yake juu ya shuka. Nukta zilikuwa chache, zote juu mlimani, chini tu ya mnada. Bondeni palikuwa peupe kabisa. Akailaza ya pili. Nukta zikawa zimeshuka katikati ya mteremko. Akailaza ya tatu, bonde likajaa.

Kyaruzi akasogea mbele. "Rudisha ile ya kwanza," akasema. Nesi akairudisha. "Weka ya pili tena." Akaweka. Watu wakaanza kumwagiza: ondoa hiyo, weka hii, rudi nyuma, sogea mbele. Alizitandika na kuzitandua mpaka vidole vyake vikawa vya zambarau. Na kila alipozipanga kwa mfuatano, ugonjwa ulitembea mbele yetu kutoka juu kwenda chini, ukifuata mstari wa mkaa wa kijito kinachotoka kwenye chemchemi ya juu, ile ambayo kinyesi chote cha mnada na cha watu wa mnada kilisombwa na mvua kikaingia humo.

Bondeni nukta zilikuwa nyingi kwa sababu nyumba ni nyingi na maji yote yanaishia huko. Nyumba ya Bernadeta ilikuwa katikati kwa sababu ndipo alipopewa mahali pa kujenga. Tena nyumba yake ilikuwa ya mwisho kuugua.

Nilijua natakiwa kusema kitu mbele ya wote, kwa kuwa hata lile neno langu la "ni hapa" nililisema mbele ya wote. Nikasimama. Nikasema, "Nilisema ni hapa. Si hapa. Nimekosea, na Mama Goreti haondoki." Nikakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa nikiwa balozi.

Baadaye nilimfuata nje, akiwa anamnywesha Goreti. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha. Alinisikiliza kidogo, akanikatiza.

"Balozi, mtajenga ile chemchemi lini?"

"Hata kesho."

"Mimi najua kupanga mawe," akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa fundi."

Hakuniambia amenisamehe, na mpaka leo hajawahi kuniambia. Lakini tulijenga pamoja, yeye akiwa ndiye anayetuonyesha jiwe lipi likae wapi, na Kyaruzi akimchanganyia saruji tuliyosaidiwa na misheni. Wafanyabiashara wa ng'ombe walitusumbua sana kuhusu kuhamisha mnada. Tukawapeleka mbele ya lile shuka, tukawatandikia nailoni moja baada ya nyingine. Walihama wakinung'unika, lakini walihama.

Ni baada ya hapo nilipoisogelea tena karatasi ya ukuta wa pili. Nilimwambia Nesi Yustina kwamba karatasi ile inanivunja moyo. Akashangaa. "Unaanza kuisoma wapi?" akauliza. Nikamwonyesha: mwisho, upande wa kulia. Akanishika mkono, akaurudisha mpaka mwanzo kabisa, kushoto. Mwanangu, mistari ile ya Ulaya ilianzia juu! Juu kama yetu, na mmoja juu kuliko wetu. Na wao walikuwa na vibanja vyenye makaburi madogo. Halafu pole pole, mwaka hadi mwaka, ikashuka. Nao wetu, nilioukatia tamaa, ukiufuata tangu mwanzo ulikuwa umeshaanza kuinamia chini. Ulikuwa unashuka siku zote nilizokuwa nikipita pale bila kutaka kuutazama.

Siwezi kukueleza mzigo ulivyonitoka. Nilikuwa nimebeba kifo cha Rwegasira kama kitu kilichoandikwa kwa ajili yetu, watu wa hapa. Kumbe ni jambo lililowapata watu wa kila mahali, na watu wakalishughulikia.

Sasa wewe unakwenda kwenye mashine ambayo haichafui vidole. Utabonyeza na nchi nzima itasogea. Mimi sijui kompyuta, lakini najua kinachompata mtu anayesimama mbele ya picha akiwa na woga. Picha itakuonyesha kile unachokitafuta. Mimi nilitafuta wa kulaumu, nikapewa. Kwa hiyo siku utakayojikuta unafurahi upesi mno kwa sababu jibu limekaa katikati kabisa ya nukta, amka ukanywe chai kwanza. Halafu uulize hawa waliugua lini, na nani hajaja kuweka nukta yake. Na kama unaweza, mtafute mwenye nyumba umsikilize, hata akija kwa kugomba na fimbo.

Na usijifiche nyuma ya "watu wamesema." Huko mjini mtasema "takwimu zinasema." Ni mlango uleule, nami nimeshautumia. Sema ni wewe unayesema. Ukikosea, iwe rahisi kukupata.

Ukishindwa masomo, rudi nyumbani. Hapa hapana atakayekuuliza. Ukichoka, andika. Ukipata rafiki Mrundi au Mnyarwanda huko ambaye watu wanamkwepa, kaa naye meza moja. Zaidi ya hayo sina, na hayo yenyewe unayajua, maana umelelewa nusu na Bernadeta.

Nimalizie na mvua zilizofuata, kwa sababu ndizo ninazozikumbuka nikishindwa kusinzia. Zilinyesha kubwa kama za mwaka uliotangulia, na palizi ilipokwisha Nesi Yustina alituita. Alitandika nailoni mpya juu ya shuka, akachovya pamba kwenye jivii, akaishika juu. "Haya," akasema, "wenye mgonjwa wa kuhara damu waje." Tukatazamana. Wewe ulikuwa begani kwangu, umenishika masikio. Bernadeta alimtazama Goreti, Kyaruzi akawatazama wanawe. Tulisubiri pengine kuna aliyechelewa. Hakuna aliyesogea. Pamba ikadondosha matone sakafuni, na Bibi Kokugonza akauliza kwa sauti, "Sasa tumeitwa kufanya nini?"

Tulicheka, Kemilembe, tulicheka mpaka wagonjwa wa malaria waliolala chumba cha pili wakauliza kuna nini. Nami nikasogea nikaigusa ile nailoni isiyo na kitu, nikaona kijiji chetu chote chini yake, kila nyumba, na yetu.

Nenda salama, mwanangu.

Ni mimi,
Tata yako